Vitanda vinne, dirisha moja: kukaa hosteli wakati wa janga

Janga likitangazwa, kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi hukimbilia dukani ni sanitaiza. Sina ugomvi nayo, mradi iwe na alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Lakini kwa ugonjwa unaosafiri kwa pumzi, kama korona, chupa hiyo inalinda mikono huku mapafu yakibaki wazi usiku kucha. Komredi, yaani mwanafunzi wa chuo, wa Maseno kule Kisumu au wa Njoro kule Nakuru hakai popote muda mrefu na watu wale wale kama anavyokaa nao akiwa amelala. Ndiyo maana mimi huanzia chumbani, na chumbani huanzia dirishani.

Mtu akiongea, akikohoa, hata akikoroma, hutoa matone. Makubwa huanguka karibu naye. Yale madogo kabisa huelea kama moshi wa sigara, na hewa ikitulia yanaweza kukaa saa kadhaa. Basi jiulize: mwenzangu angekuwa anavuta sigara kitandani kwake, ningeusikia moshi wake hapa nilipo? Kama ndiyo, pumzi yake pia inakufikia.

Wenye kifaa cha kupima kaboni dioksidi watasoma takriban 420 (sehemu kwa milioni, ppm) nje, na chumba kikivuka 1,000 hewa yake imeshachakaa. Asiye nacho atumie pua. Asubuhi toka nje dakika tano, kisha rudi ndani. Ukipokelewa mlangoni na joto na harufu ya mablanketi, au ukikuta vioo vimeshika unyevu kwa ndani, mmelala mkigawana pumzi.

Dirisha moja likifunguliwa peke yake husaidia kidogo tu, kwa sababu hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Vyumba vingi vina matundu juu ya mlango, na mara nyingi utayakuta yamezibwa kwa gazeti ili kuzuia kelele za korido. Toa gazeti. Mkiwa na feni, msiielekeze kwa watu, maana itazungusha hewa ile ile. Iwekeni dirishani ikitazama nje, isukume hewa chafu itoke na safi iingie kupitia mlangoni.

Ushauri huu ukiufikisha Kisumu unakutana na mbu. Ikifika saa kumi na mbili jioni madirisha hufungwa, na haki wanayo, malaria ya kanda ya ziwa si ya mzaha. Suluhisho ni kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, kisha dirisha libaki wazi. Kwenye deka, neti ya chini hufungwa kwenye mbao za kitanda cha juu, ila ya juu inahitaji kamba nne na misumari ukutani, na hapo ndipo watu huchoka na kuiacha. Pindo lote lichomekwe chini ya godoro. Kama dirisha lina wavu wa mbu, upige brashi na maji ya sabuni mara kwa mara. Wavu ulioshika vumbi hukaba upepo.

Nakuru adui ni baridi. Njoro iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Julai huko si mchezo. Watu hufunga kila kitu, kisha wanaingiza jiko la makaa. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko virusi vyenyewe. Makaa yaliyoiva vizuri, mekundu, yasiyotoa moshi hata kidogo, bado yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, na wengine hawaamki. Jiko libaki nje hadi liwe majivu matupu. Ongeza blanketi, vaa soksi na kofia, acha dirisha wazi upana wa kiganja.

Sasa tuseme mmoja wenu ameanza kukohoa. Kumfukuza hakufai kitu: mwenye korona huweza kuambukiza tangu siku kama mbili kabla ya dalili, kwa hivyo huenda mmeshavuta pumzi yake. Kazi iliyobaki ni kupunguza. Kukiwa na chumba kitupu, ahamie. Kama hakuna, mgonjwa avae barakoa mkiwa pamoja, mle nje, na mlale kwa kupishana, kichwa cha huyu kielekee miguu ya yule.

Alale wapi? Wengi husema dirishani, na wakati mwingine hilo ni kosa. Chana ukanda mwembamba wa tishu, ushike karibu na dirisha. Ukivutwa kwenda nje, hewa inatokea pale. Mgonjwa alale hapo. Ukipeperushwa kuja ndani, mkimweka pale upepo utawaletea pumzi yake wote. Alale upande hewa inapotokea. Pima tena usiku. Kisumu mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka na kutoka nchi kavu, kwa hivyo jibu la saa nane mchana linaweza kuwa kinyume saa nne usiku.

Halafu kuna joto la mwili. Kisumu kila homa huitwa malaria, Nakuru kila homa huitwa baridi, na kote kuwili ni kubahatisha. Pima. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu ya kidole na jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Hata aliye Njoro apimwe kama alikuwa kanda ya ziwa wiki chache zilizopita. Malaria ya kawaida ikionekana, mtu mzima hupewa AL (dawa ya artemetha na lumefantrini) vidonge 24: vinne mara moja, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Meza na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo dawa haifyonzwi ipasavyo. Kosa la kila muhula ni kuacha siku ya pili homa inaposhuka, vilivyobaki akapewa rumeti. Na kuwa na malaria hakumaanishi huna virusi, barakoa isivuliwe.

Kwa homa na maumivu, parasetamoli ya miligramu 500: vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani, na ukichanganya hizi na zile ini ndilo linalolipa. Antibiotiki za bahasha kutoka kemisti haziui virusi. Dawa ya tangawizi na limau kunywa, inatuliza koo. Kujifukiza siungi mkono: mvuke hauui virusi mwilini, na sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi, kwenye chumba cha deka mbili, ni ajali inayosubiri kutokea.

Mara tatu kwa siku mhesabie mgonjwa pumzi akiwa ametulia, kifua kikipanda mara moja ni moja, kwa dakika nzima ya saa. Usimwambie unahesabu, atabadilisha. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Zikizidi 30, au akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, akichanganyikiwa, au midomo ikigeuka rangi, hapo si suala la kungoja asubuhi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasaidia, ila vidole baridi na rangi ya kucha hukidanganya, na mtu wa Njoro husoma chini kidogo kuliko wa Kisumu kwa sababu ya mwinuko. Pimaneni mkiwa wazima, mwandike namba zenu. Chini ya 90 ni hospitali sasa hivi. Mjue mapema usiku mnapata gari la nani: Kisumu kesi nzito huishia hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia.

Jik ni ya vitasa na choo cha pamoja, si ya kunyunyizia watu. Gawa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa 0.1, kisha toa moja: Jik ya asilimia 3.5 inataka sehemu 34 za maji kwa moja ya dawa. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini.

La mwisho ni safari. Machi 2020 vyuo vilipewa hadi Ijumaa tarehe 20 viwe vimefungwa, na makomredi wakajaa matatu kurudi mashambani. Korona huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza, kwa hivyo unaweza kufika Siaya mzima na kuugua Jumatano. Kwenye matatu fungua dirisha la mbele na la nyuma hata kidole kimoja, mvua ikinyesha ndipo zaidi. Nyumbani, kwa wiki mbili za kwanza msalimie nyanya kwa mbali, na mazungumzo yote yawe nje chini ya mwembe.