Mtu wa dubu hakushindwa mantiki

Jamani, nimeisikia tena wiki hii, tena kwa msomi: eti asiyepita shule hawezi kufikiri kimantiki. Na ushahidi wanaoleta ni uleule, mwanasaikolojia Luria na swali lake la dubu. Anthropolojia ndo kazi yangu kwa hiyo leo sinyamazi.

Luria alienda Uzbekistan, wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti, 1931 na 1932. Wakulima wakaulizwa: Kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko Kaskazini ya mbali, je dubu wa huko wana rangi gani? Mmoja akasema yeye kamwona dubu mweusi, wengine hajawaona, kila sehemu ina wanyama wake. Alipobanwa akaongeza kwamba kama mtu wa miaka 60 au 80 angekuwa kamwona dubu mweupe akasimulia, huyo angeaminika, ila yeye hajaona basi hawezi kusema.

Sasa kosa liko wapi hapo? Mtu kakupa kanuni, kwamba jambo lisilo na shahidi wa kuaminika halisemwi, akaonyesha hili halina shahidi, akahitimisha. Hiyo ni mantiki tupu! Alichokataa ni ile kauli ya mwanzo aliyoletewa na mgeni. Kijana mmoja pale pembeni akadakia, kwa maneno yako dubu wa huko ni weupe. Kwa maneno yako! Jibu katoa, dhamana kamwachia muulizaji. Sisi shule imetuzoesha kuikubali kauli ya yeyote ili swali liende, halafu tunadhani mazoea hayo ndo akili.

Ila na wale wanaotetea kwa kusema "wana mantiki yao tofauti" wananikera vilevile, maana wanawatenga kwa upole. Kwa Wakpelle wa Liberia watafiti walitoa vitu 20 vipangwe kwa makundi, watu wakaweka kisu na chungwa pamoja kwa sababu kisu hukata chungwa, wakasema mwenye busara hupanga hivyo. Wakaulizwa, mjinga je, angepangaje? Vyakula huku, zana kule, safi kabisa, vile watafiti walivyotaka tangu mwanzo. Yaani mantiki hiyohiyo walikuwa nayo, ila hawakuiona ndo ya busara.

Kinachonisumbua bado ni hali ya pale Uzbekistan. Mashamba yalikuwa yanalazimishwa kuwa ya ushirika, watu wa Moscow wanakuja na maswali ya ajabu, nani angethubutu kusema asilolijua? Uangalifu wa mtu mwenye hofu na uangalifu wa mtu anayeheshimu ushahidi vinatoa jibu lilelile, na kwa mahojiano yale peke yake siwezi kuvitenganisha.