Meno ya kahawia hayatokani na ukoo

Arusha na Moshi bado utasikia: "Hayo meno ni ya ukoo wao." Kisa baba anayo, watoto wanayo. Ila familia moja huchota maji pamoja pia.

Rangi ile huletwa na floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji, hasa pande za Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, huvuruga ukomaaji wa enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, meno ya kudumu yakiwa bado ndani ya ufizi, takriban hadi mtoto afikishe miaka 8. Ndiyo maana aliyehamia ukubwani meno yake hayabadiliki, lakini mwanawe aliyezaliwa hapo anaweza kuota yenye mabaka.

Jeni zina sehemu yake. Panya wa maabara wa nasaba tofauti, wakinywa maji yaleyale, wengine meno huharibika vibaya, wengine kidogo tu. Lakini pasipo floraidi ya kuzidi, jeni hizo hazina cha kuzidisha.

Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Kichujio cha mkaa wa mifupa huinasa, mradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Na magadi ya kwenye makande, ambayo wengi huyasahau, nayo huongeza floraidi.