Jino Likifa Ganzi Bila Kuuma, Usikimbilie Koleo

Watu wa pwani tuna ganzi mbili za meno, na wengi huzichanganya. Ya kwanza kila mtoto wa Lamu anaijua: umekula embe bichi kwa chumvi na pilipili, au umefyonza ukwaju, ukija kuuma mkate meno yote yanasisimka. Hiyo ni asidi imelainisha tabaka la nje la jino. Sukutua kwa maji, usipige mswaki kwa muda wa nusu saa hivi, itapita.

Ninayotaka kuizungumza ni ile ya pili. Jino halina tundu, haliumi, ila mara kwa mara linakuwa kama si lako. Au fizi na mdomo vinatambaa kama kwamba sisimizi wanapita. Inakuja, inaondoka, baada ya wiki mbili inarudi.

Bibi mmoja mshona kofia za viua aliingia kliniki, akaketi, akaweka kidole juu ya gego la juu kushoto. "Daktari, ino hili lafa ganzi. Ling'oe nipumue." Nililigonga kwa mpini wa kioo, hakusikia maumivu. Nikaligusa kwa pamba yenye ubaridi, akashtuka sawasawa na nilipogusa gego la upande wa pili. Kwenye eksirei mizizi ilikuwa safi. Nikamwomba anionyeshe tena ganzi inafika wapi, na safari hii kidole hakikutosha. Alitumia kiganja kizima: shavu, mdomo, hadi nusu ya ulimi. Nikarudisha koleo kwenye trei.

Hisia za meno yote ya upande mmoja hupita kwenye neva moja kubwa, ya tano katika jozi 12 zitokazo kwenye ubongo. Ina matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na meno ya juu, la taya na meno ya chini. Jino bovu kwa kawaida hulalamika mahali pamoja. Ganzi ikienea eneo zima, huenda shina ndilo lenye shida, au ubongo wenyewe, na jino linasingiziwa tu. Kuling'oa hakutaiondoa. Nimeona vinywa vyenye mapengo mawili matatu na ganzi bado ipo palepale.

Magego ya juu yana jirani wake: uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu. Ukijaa makamasi, meno ya juu huhisi mazito, na utaona yanazidi ukisujudu. Mgonjwa akiniambia hivyo, kabla ya kugusa jino lolote namuuliza habari za mafua.

Taya la chini nalichukulia kwa uzito zaidi. Humo neva hupita kwenye mfereji ndani ya mfupa, chini ya mizizi, kisha hutokea kwenye kitundu kidogo na kuishia mdomo wa chini na kidevu. Usaha kwenye mzizi unaweza kuibana. Gego la mwisho lililolala vibaya pia. Ukidungwa sindano ya ganzi, mdomo huzinduka baada ya saa 3 hadi 5. Ukiamka kesho yake bado umekufa ganzi, rudi kwa aliyekudunga umwambie. Lakini mdomo wa chini na kidevu vikifa ganzi vyenyewe, bila sindano wala kipigo, na visizinduke, hapo lazima upigwe picha haraka. Mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza ya uvimbe ndani ya taya, au ya saratani iliyoanzia kwingine, kama kwenye titi.

Vijana watanikasirikia, lakini miraa na muguka lazima niviseme. Kutafuna saa nne mfululizo huchosha misuli ya taya, na wengi husaga meno usingizini bila kujua. Asubuhi meno yanakuwa kama ya kuazima. Natazama ncha zake: zikiwa bapa na zinang'aa, jibu ninalo.

Halafu kuna samaki. Midomo ikianza kutambaa muda mfupi baada ya kula bunju, usitafute daktari wa meno. Mpeleke mtu hospitali mara moja, maana sumu yake haitoki kwa kupikwa na inaweza kuzima pumzi.

Wenye kisukari wanaomeza metformini kwa miaka mingi wanaweza kupungukiwa vitamini B12, na ganzi ikaanza nyayoni au vidoleni, mara nyingine ikafika kinywani. Aliyepasuliwa rovu, mdomo na ncha za vidole zikimtambaa, apimwe kalsiamu. Hata hofu inatosha: ukihema haraka kwa dakika chache, midomo hufa ganzi.

Sasa bibi wa kofia. Nilimpa kazi moja, aandike katika daftari saa ya ganzi na alichokuwa akifanya. Alirudi na kurasa mbili, mwandiko mzuri kuliko wangu. Kila mara ilianza na sindano kumponyoka: vidole vya kushoto vinatambaa, dakika kumi baadaye ganzi imepanda mdomoni na kwenye meno, ndani ya nusu saa imekwisha, kisha kichwa kinamgonga. Kilikuwa kipandauso. Nikampeleka kwa daktari wa neva athibitishe, na jino lake bado analo.

Lakini mwendo huo wa polepole unaorudi vilevile si sawa na ganzi ya ghafla. Uso ukipinda, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, ni kiharusi mpaka kithibitishwe vingine. Aliye kisiwani aitiwe boti wakati huohuo, asingoje maji yajae.

Ukija kwetu, njoo na daftari lako, na dawa zote unazotumia kwenye mfuko, za hospitali na za mitishamba. Ila asubuhi hiyo usipake mafuta ya karafuu. Yenyewe hutia ganzi, nami nitabaki kuipima karafuu nikidhani nakupima wewe.