Tasnifu Yako Bado Si Kitabu

Wiki hii nimepokea tena barua ileile: "Tasnifu yangu imepita, watahini wameisifu, naomba muichapishe." Nikafungua faili. Tamko la mtahiniwa liko mahali pake, saini ya msimamizi chini yake, na orodha ya vifupisho kurasa mbili. Nahariri vitabu vya kitaaluma, na hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwamba tasnifu iliyofaulu ni kitabu kilichokosa jalada tu.

Tasnifu ni mtihani. Wanaoisoma ni wachache, tena ni wajibu wao kuifikisha mwisho, nawe kazi yako ni kuwathibitishia kwamba unaijua fani. Ndiyo maana ina sura nzima ya mapitio ya maandiko, sura nzima ya mbinu, na kila aya imejikinga kwa marejeleo. Msomaji wa kitabu hana wajibu huo. Usipompa sababu ya kuendelea kufikia ukurasa wa tano, amekwenda zake. Isitoshe, tasnifu nyingi ziko wazi kwenye hazina za kidijitali za vyuo; kwa nini maktaba inunue maandishi yaleyale?

Tuseme umeandika: "Lengo mahususi la tatu lilikuwa kubainisha uhusiano uliopo kati ya ukame na uhamaji wa wafugaji." Sentensi hii inaeleza ulichopangiwa kufanya. Sasa jaribu: "Mvua ikikosekana wafugaji huvumilia, huhama pale kisima kinapopata mwenyewe." Hapo kuna dai. Mtu anaweza kulikubali au kulipinga, na kwa vyovyote atataka ushahidi, kwa hiyo atafungua ukurasa unaofuata.

Basi futa mapitio ya maandiko kama sura. Wanazuoni unaobishana nao kweli waingie pale mabishano yanapotokea, wengine wabaki kwenye tanbihi. Mbinu zipewe kurasa chache ndani ya utangulizi. Futa kila "sura hii imegawanyika katika sehemu nne". Na ushauri wangu ninaoupenda kuliko wote: iweke tasnifu kando miezi sita, kisha andika utangulizi upya bila kufungua faili la zamani. Utakachokikumbuka ndicho hoja yako. Kazi hii huweza kula mwaka mzima au zaidi. Nasema hivi kwa sababu nimeona utafiti mzuri mno ukizikwa ndani ya lugha ya kujitetea, na inaniuma.

Zipo dhana nyingine ninazozisikia kwa waandishi. "Kina ISBN, kwa hiyo kimehakikiwa na wataalamu." Hapana. ISBN, yenye tarakimu 13 tangu 2007, ni namba ya kutambulisha kitabu sokoni, basi. Kampuni inayokuandikia barua pepe ya sifa mara tu tasnifu yako ilipoingia mtandaoni itakupa namba hiyo bila mtu yeyote kusoma hata sura moja. Kabla ya kutia saini, uliza nani atausoma mswada na lini utapata ripoti yake. Wakikwepa swali, ondoka.

"Kinachosomwa bure ni cha daraja la chini." Ufikiaji huria, yaani kuchapisha kazi ili isomwe bure mtandaoni, uliopewa jina hilo katika tamko la Budapest la 2002, umebadilisha anayelipa na anayeruhusiwa kusoma. Uhakiki kwa mchapishaji makini ni uleule. Soma tu leseni, yaani masharti ya kuitumia na kuisambaza kazi yako.

"Mhakiki akinipinga, mswada umekufa." Mimi natazama sababu zake, kisha natazama jibu lako. Mjibu hoja kwa hoja. Pale unapokataa, eleza kwa nini. Ripoti kali yenye kurasa sita ni zawadi kuliko sifa za mistari mitatu.

Na wapo wanaokalia mswada miaka kwa kuamini kwamba hoja ikishachapwa imefungwa. Thomas Kuhn, mwanahistoria wa sayansi, alitoa kitabu chake kuhusu mapinduzi ya kisayansi mwaka 1962. Wakosoaji wakamwonyesha kwamba neno lake kuu, paradaimu (kwa ufupi, mtazamo wa pamoja unaoongoza kazi ya wanasayansi), limebeba maana zaidi ya 20. Katika toleo la 1970 aliongeza maelezo marefu mwishoni, akakubali kwamba neno hilo limeleta utata, akalitenganisha katika maana mbili, na kuendelea kubishana nao.