Miche Haipunguzi Kuni: Dhana Potofu Kuhusu Mazingira katika Shule za Serikali

Ukimuuliza mwalimu mkuu wa shule ya serikali nchini Uganda shule yake inafanya nini kuhusu mazingira, jibu utakalopewa, iwe ni Arua, Masindi au Mbale, ni kwamba miti imepandwa. Ukienda ofisi ya elimu ya wilaya utaonyeshwa taarifa yenye idadi ya miche iliyogawiwa Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, pamoja na picha ya mgeni rasmi akiwa ameshika jembe. Kazi yangu ni kukagua matumizi ya nishati katika shule, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naomba nipelekwe jikoni kwanza, bustani tutaiona baadaye.

"Tumepanda miti, kwa hiyo wajibu wetu umetimia"

Zaidi ya asilimia 90 ya Waganda hupika kwa kuni au mkaa, na shule hazina tofauti na nyumba isipokuwa kwa ukubwa wa sufuria. Uji wa asubuhi, posho (ugali) na maharage hupikwa siku zote za muhula, mihula mitatu kwa mwaka, na katika shule nyingi moto wa maharage huwashwa kabla ya kengele ya kwanza. Misitu iliyokuwa ikifunika takribani asilimia 24 ya nchi mwaka 1990 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9 kufikia mwaka 2015. Shule si mhalifu pekee katika hasara hiyo, kwani mashamba na mkaa vina sehemu kubwa, lakini shule ya bweni ni mnunuzi mkubwa wa kuni asiyekosekana sokoni hata wiki moja ya muhula, na wafanyabiashara wa kuni wanalijua hilo vizuri kuliko maofisa wa mazingira.

Tufanye hesabu ambayo taarifa za wilaya hazifanyi. Chukua mfano wa shule ya bweni inayonunua malori manne ya kuni kwa muhula, kila lori likibeba tani tano. Hiyo ni tani 60 kwa mwaka. Hekta moja ya mikaratusi iliyopaliliwa na kulindwa vizuri, kwa makadirio ya ukarimu, huongeza tani kumi hivi za kuni kavu kwa mwaka. Kwa hiyo shule hiyo inahitaji hekta sita za msitu wake yenyewe, na kwa nafasi ya mita tatu kwa mita tatu hiyo ni miti zaidi ya 6,600. Shule imepewa miche 200. Hata kama yote ingekua, na haikui yote, ingefidia kuni za takribani wiki moja ya masomo kila mwaka, tena baada ya kusubiri miaka isiyopungua mitano kabla ya kukata mti wa kwanza. Wiki nyingine zote za masomo kuni zitaendelea kutoka kwenye mashamba na misitu ya watu wengine, ambako hakuna mgeni rasmi wala picha.

Hata tarehe yenyewe ni tatizo. Kaskazini mwa nchi, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, kupanda mwezi Juni si vibaya. Katika sehemu kubwa ya kati na kusini, mvua za kwanza za mwaka huwa zinaisha wakati huo, na mche uliopandwa tarehe 5 Juni huingia moja kwa moja katika kiangazi. Muhula wa pili ukifungwa, mbuzi wa jirani humalizia kile ambacho jua limesaza. Anayetaka miti ya shule iishi na apande mvua zinapoanza, aache sherehe iwe sherehe, na amkabidhi mtu mmoja anayelipwa jukumu la kuipalilia na kuilinda.

Jambo linalonikera zaidi ni shule kupanda mikaratusi katika kinamasi kilicho kando yake, kwa maelezo kwamba "eneo lile lilikuwa halitumiki." Kifungu cha 237 cha Katiba ya mwaka 1995 kinaweka ardhioevu chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi wote, na kamati ya shule haina mamlaka ya kuigeuza shamba la miti. Mkaratusi hunywa maji mengi, na ndiyo maana watu huutumia kukausha vinamasi. Chemchemi ambayo wanafunzi huchota maji inaweza kupungua kwa sababu ya mradi uliosifiwa kuwa wa mazingira. Mkaratusi upandwe mlimani, mbali na maji, nao una sifa yake kubwa ya kuchipua tena baada ya kukatwa. Kwenye mipaka ya shule na kando ya mashamba, miti kama mgrevilea na kaliandra hufaa zaidi.

Sisemi msitu wa shule ni upuuzi. Nasema una maana pale tu matumizi ya kuni yameshapunguzwa, kwa sababu shule iliyopunguza matumizi hadi nusu inahitaji hekta tatu badala ya sita, na hekta tatu baadhi ya shule za serikali zinazo.

"Jiko banifu limejengwa, suala la kuni limekwisha"

Jiko banifu lililojengwa vizuri, lenye chumba cha moto kilichozingirwa na lenye bomba la moshi, linaweza kupunguza kuni kwa karibu nusu likilinganishwa na mafiga matatu, nalo humwokoa mpishi na moshi ambao hakuna mtu anayestahili kuuvuta kutwa nzima. Lakini jiko ni kifaa, na kifaa hutegemea anayekitumia. Nimekuta majiko ambayo mlango wake umevunjwa ili gogo zima liingie, bomba limezibwa na masizi, na sufuria iliyokuja na jiko imepasuka ikawekwa nyingine ndogo, hivyo joto linapanda pembeni na kupotea hewani. Mpishi halaumiwi kwa hayo. Mara nyingi hakuna aliyemfundisha, na aliyefundishwa aliondoka mwaka uliopita kwa sababu mshahara ulicheleweshwa.

Halafu kuna kuni zenyewe. Kilo moja ya kuni mbichi, ambayo nusu yake ni maji, hutoa takribani megajuli 8 za joto, ilhali kilo ya kuni zilizokaushwa kwa hewa hadi kubakiza maji asilimia 20 hutoa takribani megajuli 15. Isitoshe, moto uliopozwa na mvuke haumalizi kuunguza gesi zinazotoka kwenye kuni, kwa hiyo moshi mzito unaotoka jikoni ni nishati iliyolipiwa na wazazi ikiondoka bila kupika chochote. Banda la kuni lenye paa la bati, lililo wazi pembeni ili upepo upite, na kuni zilizochanjwa na kupangwa humo muhula mmoja kabla ya kutumiwa, ni uwekezaji wa bei nafuu kuliko wote ninaoujua katika shule. Ajabu ni kwamba ndio unaoombewa fedha mara chache kuliko mwingine wowote, pengine kwa sababu banda la kuni halizinduliwi.

Ushauri wangu wa pili hunifanya nichekwe katika semina, nami naurudia: loweka maharage. Maharage yaliyolala majini usiku mzima huiva kwa muda mfupi zaidi, na muda ndio kuni. Wapishi huniambia kwamba yakilowekwa hupoteza ladha au yatachacha. Yatachacha iwapo yataachwa katika chumba chenye joto hadi mchana; yakiwekwa jioni na kupikwa alfajiri hayana tatizo. Vilevile, maharage yaliyokaa ghalani kwa muda mrefu penye joto na unyevu huwa sugu na hugoma kuiva hata ukiongeza kuni, kwa hiyo kununua maharage ya zamani kwa bei ya chini ni kuhamisha gharama kutoka ghalani kwenda mekoni. Na sufuria ifunikwe. Mfuniko uliotengenezwa na fundi bati wa sokoni unatosha.

"Tukipata sola, jikoni nako kutakuwa safi"

Paneli chache juu ya paa la darasa ni jambo jema kwa masomo ya usiku, lakini zisichanganywe na upishi. Kuchemsha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 huhitaji takribani uniti 8.7 za umeme, hata bila kuhesabu joto linalopotea. Taa kumi za wati 10 zikiwaka saa nne kila usiku hutumia uniti 0.4, kwa hiyo sufuria moja ya uji hula umeme wa taa hizo wa wiki tatu. Umeme wa gridi ya Uganda, ambao sehemu yake kubwa hutoka kwenye mabwawa ya Mto Nile, unaweza kupika, hasa kwa majiko ya umeme ya mgandamizo (pressure cooker) yanayoivisha maharage haraka, iwapo laini ya shule inabeba mzigo huo na bili ina mlipaji. Hayo mawili yathibitishwe kabla ya kununua vifaa.

"Gesi ya vyoo itapikia shule nzima"

Haitapikia. Kinyesi cha mtu mmoja kwa siku hutoa gesi ya lita 25 hivi, tena ikiwa chote kimeingia katika mtambo unaozalisha gesi hiyo. Wanafunzi 500 wa bweni watatoa mita za ujazo 12 na kidogo, sawa na kilo 60 hivi za kuni. Hiyo inaweza kutosha uji, na mtambo una faida yake ya kutunza uchafu wa vyoo, lakini shule ya kutwa isiuote.

"Tunachoma taka, shule ni safi"

Kuchoma kaveera (mifuko ya plastiki) kwenye shimo nyuma ya madarasa si usafi. Plastiki inayoungua kwa moto hafifu hutoa sumu, zikiwemo dioksini, na majivu yake huishia kwenye bustani ya mboga ya shule. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene wa chini ya maikroni 30. Duka la shule ndilo mahali pa kwanza pa kuitii.

"Wilaya haina bajeti ya mazingira"

Bajeti ipo, ila inaitwa kuni. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imewaachia wazazi jukumu la chakula, na wao ndio wanaolipia malori hayo kila muhula, iwe kwa fedha au kwa kuni ambazo mtoto huja nazo kichwani. Ofisi ya wilaya inaweza kuagiza kila shule iwe na daftari linaloonyesha kuni zilizoingia, zilizotumika na idadi ya waliokula, kisha taarifa ya mwaka ianze na takwimu hizo kabla ya idadi ya miche. Inaweza pia kubadilisha namna ya kununua. Anayenunua kwa lori hajui alichonunua, kwa sababu magogo yaliyopakiwa ovyo huacha nafasi kubwa tupu. Anayenunua kwa kilo humlipa muuzaji kwa maji aliyoyaacha ndani ya kuni. Zabuni itaje mita za ujazo za kuni zilizochanjwa na kupangwa, zipimwe kwa utepe wa kupimia mbele ya mpishi mkuu, na zifikishwe muhula mmoja kabla ili zikauke bandani.