Je, wajua kwa nini kuku wa Mombasa anakufa na nyuzi 33 na yule wa jangwani anavuka na 43?

Machi ya mwaka jana nilipoteza kuku saba mchana mmoja, broila wa wiki ya tano, wale ambao ushawapigia hesabu ya pesa kichwani kabla hata mteja hajapiga simu. Na kusema kweli mimi ndo niliwamaliza, tena kwa maji.

Ilikuwa hivi. Nina banda dogo nyuma ya nyumba huku Mtopanga, mabati juu, pembeni nimeziba na magunia kuzuia paka na wezi. Shemeji yangu yuko Saudia, shamba la kuku, viunga vya Riyadh. Siku hiyo kaskazi imelala kabisa, hata jani la mnazi halitikisiki, kuku wote midomo wazi mabawa wameyatoa ubavuni kama mtu amebeba ndoo mbili, nikamrushia video. Akanijibu kwa voisi, "Shemeji nyunyizia maji humo ndani, sie huku ndo twafanya hivyo, mwezi wa saba nje hufika 44 na kuku wako poa tu." Basi nikachukua mpira nikamwaga maji kila mahali, ukutani, kwa maranda, hewani. Saa 10 jioni nakuja kuangalia, saba wamelala chini miguu imenyooka.

Sasa swali ni hili, vipi maji yaleyale kule yaokoa na huku yaua?

Kwanza ujue kuku hatoki jasho. Hana tezi za jasho kabisa, na juu yake amevaa koti la manyoya ambalo havui. Mwili wake wa kawaida ni nyuzi 41 hadi 42, yaani kile ambacho kwako ni homa ya kulazwa kwake ndio afya. Joto analitoa njia mbili. Moja ni kupitia sehemu zisizo na manyoya, ule undu mwekundu wa kichwani, zile nyama za kidevuni, na miguu, damu inapita pale inapoa kidogo kwa upepo. Hii inafanya kazi vizuri kama hewa ni baridi kuliko yeye. Ikishindikana, anabaki na ya pili tu, kuhema. Hewa inapita kwa koo na vile vifuko vyake vya hewa (ana tisa mwilini), unyevunyevu wa ndani unageuka mvuke, na mvuke ukitoka unatoka na joto. Ni kama mtungi wa udongo, maji yanapoa kwa sababu yale machache yanayopenya nje yanakauka.

Lakini ili yakauke lazima hewa iwe na nafasi ya kuyapokea, na hapo ndipo Mombasa inatukamata. Hewa ya Riyadh mwezi wa saba mchana ni kavu, unyevu unaweza kushuka mpaka asilimia 10. Ya kwetu Februari na Machi, bahari hii hapa, hata asilimia 70 inafika na nguo ukianika kivulini inashinda mbichi. Chukua kipima joto ukifunge kitambaa kibichi ukipunge hewani: kwenye nyuzi 43 na unyevu wa asilimia 10 kitashuka mpaka kama 20, lakini kwenye 33 na asilimia 70 kitagoma pale 28. Hiyo 20 na hiyo 28 ndiyo tofauti yenyewe. Kuku wetu anahema vilevile, anachoka vilevile, ila faida anayopata ni ndogo sana, na mimi kwa busara zangu nikamwagia maji banda lililozibwa, nikaijaza mvuke hewa ambayo ilikuwa ishashiba. Nikawafanyia sauna.

Shemeji alivyokuja kunieleza vizuri baadaye (wakati mimi nshawazika) kumbe kwao hawanyunyizi ovyo. Banda ni refu, upande mmoja kuna ukuta wa makaratasi mazito yenye matundu kama sega la nyuki, maji yanateremka humo, upande wa pili feni kubwa zinavuta. Hewa ya moto ikipita kwenye yale makaratasi mabichi inaingia ndani ishapoa. Na asidanganyike mtu akadhani jangwa ni rahisi, ile 43 imepita joto la mwili wa kuku mwenyewe, kwa hiyo upepo wenyewe unampasha badala ya kumpoza, stima ikizima pale na hakuna jenereta banda zima linakwisha upesi sana.

Halafu kuna hili la mayai, wenye kuku wa mayai watanielewa. Msimu wa joto maganda yanakuwa laini, ukilishika tu limepasuka, na watu wanakimbilia kulaumu chakula. Ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na kuku akihema sana anaitoa nje ile kaboni dayoksaidi ambayo mwili ungeitumia kutengeneza hilo ganda. Watafiti wa Marekani miaka ya 1980 walijaribu kuwanywesha kuku maji yenye gesi wakati wa joto, gesi tupu bila sukari, na maganda yakapata nafuu. Usiende kununua soda sasa.

Mwaka huu nimebadilisha mambo. Magunia nimetoa nimeweka waya, pande mbili, ile inayopokea kaskazi na ile inayotokea, sababu huku dawa yetu kubwa ni upepo. Juu ya mabati nimetandika makuti. Kuku nimepunguza, maana kila mmoja ni jiko linalowaka, na broila mkubwa ndo jiko zaidi, ndo maana wao huanguka kwanza na kienyeji wanabaki wanaparura chini ya mwembe. Chakula natoa saa 11 alfajiri, ikifika saa 4 asubuhi naondoa mpaka jua lipoe, kwa sababu kusaga chakula tumboni nako kunatoa joto na hutaki liongezeke saa 8 mchana. Maji yako kivulini, nabadilisha mara tatu nne, chupa iliyoganda naitupia ndani. Na kuna karai la maji ya kina cha vidole viwili, wanaingia wanasimama tu miguu ikipoa, mmoja akitoka mwingine anaingia kama foleni ya feri.

Nimeongeza pia jogoo wa shingo wazi, kishingo, watoto wa mtaa wanamcheka ati amenyolewa. Yule mwenye shingo tupu manyoya yake ni machache mwili mzima, si shingoni peke yake, joto linapata njia ya kutokea. Juzi saa 9 mchana wenzake wote wamelala kando ya karai wanahema, yeye amefunga mdomo, anamkimbiza jike.