Hakuna bogenvilia dume

Juzi nimeambiwa tena: "Kaka, ule mche ulioniuzia ni dume, unatoa majani tu." Masika yakiisha huwa nalisikia sana hili, na sasa limenifika shingoni. Mpapai una dume na jike, sawa. Bogenvilia haina. Lipasue ua uone: yale mapana yenye rangi ni majani yaliyogeuka, matatu matatu, na katikati yake kuna vijiua vyembamba vyeupe kama vijiti vya kiberiti. Hivyo ndivyo maua yenyewe, na kila kimoja kina kiume na kike ndani yake. Mche wako si dume. Umeshiba.

Nikiuliza unatunzwaje, jibu huwa mpira wa maji asubuhi na jioni, na samadi ya kuku kila mara. Samadi hiyo ina naitrojeni nyingi. Ukichanganya na maji yasiyokatika, mmea unarefusha matawi na kunenepesha majani, basi. Halafu mtu anaona hauchanui, anaongeza samadi!

Vitabu vingi vinasema bogenvilia huchanua siku zikiwa fupi. Huko mbali na ikweta inaingia akilini. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tofauti ya siku yetu ndefu na fupi haifiki hata saa moja. Kwa hiyo mimi naamini hapa kwetu ukame ndio unaoamua kuliko urefu wa siku. Pita Oysterbay au Upanga mvua zikishakata, utazame kuta ambazo hakuna anayezimwagilia.

Ila kiu nayo ina kipimo chake, na hapa ndipo wengi wanapochemka. Jani likilegea saa saba mchana na kusimama tena jioni, hilo ni joto tu, liache. Likiwa bado limelegea alfajiri na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu ya kweli: mwaga maji mpaka yatoke chini ya chungu, kisha subiri tena. Likilegea na udongo umelowa, weka mpira chini kabisa, mizizi inaoza. Hali hii ya tatu ndiyo inayoua bogenvilia nyingi za kwenye vyungu mjini hapa, kwa sababu mwenye nyumba anaona jani limelala anakimbilia bomba. Chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Kidole hakidanganyi.

Iliyopandwa ardhini, kwenye mchanga wetu wa pwani, ikishashika vizuri inajitegemea. Penye mfinyanzi mweusi maji yanatuama. Panda juu ya tuta.

Jua lisipungue saa sita kwa siku. Chini ya mwembe usitegemee kitu.

Jambo lingine linaloniudhi ni mkasi. Bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, hasa kuelekea ncha za matawi. Kijana wa bustani akija kila baada ya wiki mbili kuinyoa fensi iwe sawa kama ukuta, anaondoka na maua yote kabla hayajafunguka. Pogoa sana mara moja, msimu wa maua ukiisha, kisha mwambieni apumzishe mkono.

Wakati wa kuhamisha, pasua kiriba (ule mfuko wa plastiki wa mche) kwa wembe, usiuvute mche kwa shina; mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi.

Maganda ya ndizi yanayosifiwa sana mitandaoni sina imani nayo, sijaona tofauti yoyote. Na nyeupe nitasema ukweli: unaweza kufanya yote haya na bado ikachanua kwa kusuasua kuliko ya zambarau iliyo jirani yake. Mteja anayetaka ukuta ujae rangi namshauri achukue zambarau.

Kwa hiyo dada yangu mwenye "dume", usiling'oe. Acha samadi. Punguza maji mpaka uone jani limelegea alfajiri na udongo ni mkavu, ndipo umwagilie. Kisogeze chungu kitoke barazani kikae juani. Lipe wiki kadhaa, halafu kagua ncha za matawi, pale jani linapoungana na tawi. Ukiona vifundo vidogo vyenye wekundu kwa mbali, usimruhusu mtu kusogea hapo na mkasi.